Subira Uani, Pupa Barabarani

Ukipita mitaa ya Manundu mjini Korogwe kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, utayasikia magari kabla hujayaona. Noah inaunguruma uani, mwenyewe bado anapiga mswaki. Probox imewashwa nje ya lango, milango wazi, redio inasoma habari. Hiace ya abiria inatetemeka pembeni huku konda akifuta vioo. Uliza wanafanya nini, utajibiwa kwamba wanapasha injini. Dakika kumi, pengine robo saa. Kisha dereva anaketi, anafunga mkanda kama amekumbuka, anaingia barabara kuu, na kabla nyumba za Korogwe hazijaisha mshale wa spidi umeshagusa mia.

Zile dakika kumi za uani hazikuisaidia sana injini. Dakika ya kumi na moja ndiyo iliyoiumiza. Ushauri wangu kwako, uwe unaendesha gari lako au la tajiri kati ya Handeni na Korogwe, ni kuugeuza utaratibu huo: uani kaa nusu dakika, upole wote uhamishie barabarani.

Gari likilala usiku, oili huteremka na kutulia kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini. Juu, kwenye valvu na kemshafti, hubaki utando mwembamba tu. Ukipiga stata, pampu huanza kuvuta oili na kuisukuma ipande. Kazi hiyo huchukua sekunde chache, ndiyo maana taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi huzimika karibu papo hapo. Anayesema anasubiri dakika kumi "oili ipande" anasubiri jambo lililokwisha kutokea kabla hajafunga mlango.

Ila oili iliyofika bado ni nzito. Oili ya 15W-40, ambayo utaikuta karibu kila duka la spea, ikiwa na nyuzi joto 40 ni nzito takriban mara saba kuliko ikifika nyuzi 100, na asubuhi ya Julai hapa kwetu iko mbali chini ya nyuzi 40. Ni kama samli wakati wa baridi: chupa imejaa, lakini haimiminiki mpaka uisogeze karibu na moto. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu wakati huo, shinikizo hupanda, valvu iliyomo kwenye filta hufunguka, na oili hupita pembeni bila kuchujwa. Uchafu ambao filta iliwekwa kuukamata huenda moja kwa moja kwenye beringi.

Halafu kuna vyuma vyenyewe. Pistoni ni ya alumini. Ukuta wa silinda, kwa magari mengi tuliyonayo, ni chuma. Kwa joto lilelile alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kiwandani waliacha nafasi ndogo kati ya viwili hivyo, wakaipima ili ikae sawasawa vyote vikishapata moto. Injini ikitwishwa kazi nzito ghafla, moto huikuta pistoni kwanza, nayo hutanuka wakati silinda ingali baridi. Hapo husuguana. Siku hiyo hutasikia kitu. Utakuja kusikia baada ya miaka, gari linapoanza kula oili na kutoa moshi wa bluu, na fundi anakuambia injini ishushwe ikawekwe ringi mpya.

Kwa nini basi kuunguruma uani kusiwe dawa? Kwa sababu gari lililo kwenye silensa linachoma mafuta kidogo mno kuweza kujipasha haraka. Maji hupata joto polepole, oili polepole zaidi, na giaboksi na difu hazipati chochote cha maana, maana hazifanyi kazi. Wakati huohuo kompyuta ya gari, ikiona injini ni baridi, huongeza petroli kuliko kawaida, kwa kuwa petroli haigeuki mvuke vizuri penye ubaridi. Isiyoungua hutiririka kwenye kuta za silinda, huuosha ule utando wa oili, na huishia kwenye sampu ambako huifanya oili iwe nyepesi. Kadiri unavyolichelewesha gari katika hali hiyo ndivyo unavyorefusha uoshaji. Wizara ya Nishati ya Marekani, nchi ambayo watu wake huwasha magari yaliyofunikwa na theluji, huwaambia madereva kwamba watengenezaji wengi wanapendekeza kuondoka taratibu baada ya sekunde 30 hivi, kwa kuwa injini hupata joto upesi zaidi ikitembea. Kama nusu dakika inamtosha aliye kwenye theluji, itakuwaje isimtoshe mtu wa Korogwe, mji ambao watu wake hulala madirisha wazi?

Usiniamini mimi, jaribu. Asubuhi moja liwashe gari uliache uani, utazame saa mpaka mshale wa temperecha uanze kuinuka. Kesho yake, saa ileile, liwashe, hesabu nusu dakika, uondoke taratibu. Linganisha. Na kama wewe ni mtu wa hesabu za mfukoni, chukua gari dogo linalokula lita moja hivi kwa saa likiwa limesimama. Dakika kumi kila siku, siku 26 za kazi, ni zaidi ya saa nne kwa mwezi, yaani lita nne na ushee zilizochomwa bila kwenda popote. Zidisha kwa bei kikomo ambayo EWURA hutangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Fedha hizo zinatosha kuchangia sehemu ya oili ya kumwaga.

Desturi hii haikuzuka kwa ujinga. Wazee waliotufundisha kuendesha walikuwa na Land Rover 109 na Peugeot 504, magari ya kabureta. Kabureta haina kompyuta ya kuiongezea petroli asubuhi. Dereva mwenyewe ndiye aliyevuta choki, akasikiliza, akairudisha kidogo kidogo injini ilipotulia. Ukiondoka mapema gari lilikohoa na kuzimika katikati ya barabara. Kusubiri kulikuwa na maana. Magari yanayotushukia bandarini Dar es Salaam kutoka Japani leo, IST, Probox, Noah, Vitz, Passo, yana nozeli na sensa ya joto la maji, na kazi ya choki hufanywa yenyewe: ukiwasha silensa hupanda, na baada ya muda mfupi hushuka na sauti ikawa nzito. Tulibadilisha magari, utaratibu tukauacha ulivyokuwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Washa bila kukanyaga mafuta. Hakikisha taa ya oili imezimika. Funga mkanda, rekebisha kioo, weka simu mahali pake. Nusu dakika imeshakwisha. Ondoka. Kwa kilomita nane au kumi za kwanza usipite mizunguko 2,500 kwa dakika kama gari lako lina geji hiyo. Magari mengi madogo ya biashara hayana, basi tumia sikio: injini isipige kelele, na spidi isizidi 60. Usipige resi kabisa. Wala usiende kwa upole wa kupitiliza, gia namba nne kwa spidi ya baiskeli huku injini ikigugumia, maana hiyo ni kuibebesha mzigo oili ikiwa bado nzito. Shusha gia, izunguke kwa wepesi.

Mshale wa temperecha ukifika mahali pake pa kila siku, usidhani umemaliza. Mshale huo unapima maji, na maji hutangulia. Oili huja nyuma, mara nyingi kwa muda karibu mara mbili. Kama maji yamekuchukua dakika tano, ipe oili tano nyingine kabla hujafikiria kulipita lori. Wenye Passo na Vitz za miaka ya karibuni hawana mshale. Wana taa ndogo ya bluu yenye alama ya kipimajoto, ambayo watu huniuliza kama ni ubovu. Si ubovu. Inakuambia kwamba maji bado ni baridi. Ikizimika, endelea na upole kwa dakika chache zaidi.

Katika wilaya hizi mbili, kanuni hii inategemea sana gari limelala wapi na linaelekea upande gani.

Anayetoka Chanika, yaani Handeni mjini, kwenda Mkata ana kilomita 54 za lami mbele yake, na anayetoka Handeni kwenda Korogwe kwa njia ya Sindeni ana 65. Tangu barabara hizi zilipowekwa lami kishawishi kimekuwa kikubwa. Zamani vumbi na makorongo vilimlazimisha dereva aende pole kwa saa nzima, na injini ikapata moto bila yeye kufikiri. Siku hizi mtu anatoka langoni na kukuta lami nyeusi, tupu, imenyooka, saa kumi na mbili asubuhi. Kinachomwokoa ni vibao vya 50 vijijini na hofu ya tochi ya trafiki. Najua vibao hivyo havipendwi, hasa kati ya Segera na Mombo ambako vijiji vimefuatana. Lakini kama umetoka Korogwe asubuhi na injini baridi, kijiji cha kwanza na cha pili vinakufanyia kazi ambayo wewe mwenyewe usingeifanya. Viheshimu kwa sababu ya watoto wanaovuka kwenda shule, na injini yako itapata faida juu yake.

Mombo ni habari nyingine. Kutoka pale kupanda Lushoto ni kilomita thelathini na kitu za kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, na unapanda karibu mita elfu moja. Aliyetoka Korogwe hana tatizo: amekwisha tembea zaidi ya kilomita 30 za tambarare, injini ina moto na oili ni laini. Mwenye tatizo ni aliyelala gesti Mombo, gari likiwa limebanwa uani, akaamka na kuanza kupanda moja kwa moja na watu watano na magunia kwenye buti. Mlima unaanza hata kabla hajazoea usukani. Kwake nashauri kitu kinachoonekana cha kijinga: aende kwanza upande wa Mazinde au arudi kidogo upande wa Korogwe, kilomita tatu au nne, ajaze mafuta sheli, ndipo ageuze na kuanza mlima. Kama hataki, basi apande kwa gia ndogo bila haraka, azime kiyoyozi, na asimfukuze mwenye Coaster aliyemtangulia. Yule dereva wa Coaster ametoka Tanga, injini yake ni moto tangu Muheza.

Kushuka nako kuna mtego ambao wengi hawaujui. Asubuhi za Juni na Julai Lushoto huweza kukaribia nyuzi 10. Unawasha gari, unatoka mjini, unaanza kuteremka kuelekea Soni kwa gia namba mbili ili injini ikusaidie kufunga breki. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, na usije ukaacha gia ndogo kwa ajili ya ushauri wangu, maana breki zikichoka kwenye zile kona hakuna injini itakayokuwa na umuhimu tena. Lakini angalia kinachotokea ndani. Mguu hauko kwenye mafuta, kompyuta imekata petroli, hakuna moto kwenye silinda, huku injini inazungushwa kwa kasi na magurudumu ikiwa na oili nzito kama ilivyoamka. Unaweza kufika Mombo na mshale haujafika katikati. Hapa ndipo mahali pekee ninapokubali kuchelewa uani: dakika mbili au tatu, kisha zungukia mjini, pita sokoni kama una haja ya kununua mboga, uanze mteremko injini ikiwa imeshapata joto kidogo. Na ukifika Mombo usijirushe barabara kuu kwa sababu tu umesafiri nusu saa. Ihesabu injini yako kuwa ndiyo kwanza imeamka.

Baada ya yote hayo, kuna magari ambayo hayapati moto kamwe, hata ukiyaendesha Korogwe hadi Chalinze. Hayo ni yale yaliyong'olewa themostati.

Sijui gereji gani ilianza, lakini imekuwa kama sheria. Gari likichemsha mara moja, kitu cha kwanza fundi anachokitoa ni themostati. Mama anakuja kuchukua gari lake, anakuta kipande cha shaba kimewekwa juu ya betri.

"Fundi, hiki nini tena?"

"Themostati, mama. Hiyo ni ya nchi za baridi. Huku kwetu inaleta tu kuchemsha."

Maneno haya yanaingia akilini kirahisi, ndiyo hatari yake. Themostati ni mlango kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa baridi mlango hufungwa, maji yanazunguka ndani ya injini tu na kupata joto upesi. Yakifika nyuzi 82 hivi, kwa Toyota nyingi, mlango huanza kufunguka na maji yanapita rejeta kupozwa. Kuanzia hapo hufunguka na kujifunga kidogo kidogo ili joto likae palepale, uwe unapanda Soni au umekwama Segera. Ukiuondoa mlango huo, maji baridi ya rejeta yanazunguka tangu sekunde ya kwanza. Mjini gari litachelewa kupata moto. Barabara kuu, upepo ukipiga rejeta kwa spidi ya 80, linaweza lisifike kabisa joto lake. Kompyuta inaendelea kuamini kuwa ni asubuhi na inaongeza petroli safari nzima. Mwenye gari anaona ulaji wa mafuta umepanda, anabadilisha plagi, anabadilisha nozeli, anamlaumu mwenye sheli. Fungua kifuniko cha oili cha gari kama hilo uangalie chini yake: mara nyingi utakuta ute mweupe unaoteleza, maji ya mvuke yaliyochanganyika na oili kwa kuwa injini haikuwahi kupata joto la kuyakausha.

Na kuna kejeli hapa. Kwenye injini nyingi za Toyota, themostati ikifunguka hufunga pia njia ya mkato ambayo maji hupitia bila kwenda kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi daima, na sehemu ya maji moto huendelea kuzunguka bila kupozwa. Siku ya mlima na mzigo, gari lililong'olewa themostati ili lisichemshe linachemka kwa sababu hiyohiyo.

Ikitiliwa shaka, ipimwe. Chukua sufuria ambayo hutaipikia tena, weka maji, itumbukize themostati ikiwa imefungwa kwa uzi, bandika jikoni. Kabla maji hayajachemka unatakiwa uione inafunguka yenyewe. Ukiitoa na kuiacha ipoe, inajifunga. Isipofanya hivyo, nunua nyingine, ni kati ya spea za bei nafuu. Ikifanya hivyo, haina kosa, na chanzo cha kuchemsha kiko kwingine: kofia ya rejeta iliyolegea, feni isiyowaka, pampu ya maji inayovuja, gasketi ya silinda hedi, au rejeta yenyewe iliyoziba. Hili la mwisho Handeni tunalijua. Maji ni ya shida miaka yote, na mtu hujaza rejeta kwa alichonacho, maji ya kisima yenye chumvi au ya lambo yenye tope. Chumvi hujenga gamba ndani ya vile vijia vyembamba mpaka maji yanashindwa kupita. Tumia kulanti, na ukiikosa njiani tumia maji safi ya kunywa ukijua kwamba ni ya kukufikisha tu.

Malori ni ulimwengu mwingine, ingawa kiini hakibadiliki. Fuso iliyopakiwa machungwa usiku huko shambani upande wa Kabuku, ikalala na mzigo, inaamka na kazi kubwa kuliko gari lolote dogo: tani kadhaa, njia ya udongo, na mara nyingi kamlima kabla ya kuipata lami. Dereva wa lori lenye breki za upepo hana budi kusubiri matangi yajae kabla ya kuondoka, kwa hiyo kusubiri kwake kuna sababu na hakuna wa kumlaumu. Akitumia muda huo kuzunguka lori, kupiga matairi na kukagua kamba za mzigo, upepo ukifika na oili itakuwa tayari. Kosa ni kupiga resi ili upepo ujae haraka, utingo akishangilia. Kwa injini ya dizeli yenye turbo, kupiga resi asubuhi ni kuitaka shafti ya turbo, ambayo injini ikiwa kazini huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ianze kukimbia kabla oili haijaizunguka vizuri.

Dizeli za kizamani, kama 1HZ ya Land Cruiser za miradi na hospitali au 3L na 5L za Hiace, zina hita za kupasha chumba cha moto. Washa swichi, subiri taa ya koili izimike, ndipo upige stata. Mwenye haraka anapiga stata palepale, injini inazunguka bila kushika, betri inachoka, na lawama zinaenda kwa betri. Injini za aina hii zikiachwa kwenye silensa muda mrefu hupoa badala ya kupata moto, na dizeli isiyoungua vizuri huacha masizi kwenye nozeli. Yale magari yanayounguruma saa nzima nje ya ofisi yakimsubiri bosi amalize kikao yanalipwa na sisi sote, lakini hiyo ni makala nyingine.

Turbo ina dai jingine mwisho wa safari. Ukifika Lushoto baada ya kupanda na mzigo, usizime mara tu unapoegesha. Turbo iko moto sana, na ukizima, oili iliyomo ndani yake inasimama na kuungua hadi kuwa makaa. Iache kwenye silensa dakika mbili tatu, abiria washuke, mizigo iteremshwe, ndipo uzime. Kama kilomita ya mwisho uliiendesha polepole mjini, dakika moja inatosha.

Bodaboda nayo? Injini ndogo, inapozwa na upepo, oili yake ni lita moja hivi na kazi yake ni kubwa kuliko ukubwa wake. Sekunde thelathini hadi dakika moja, kisha mitaa miwili mitatu bila kuvuta mkono. Vijana wa vijiweni huwasha pikipiki na kuvuta mkono mara kumi ipige kelele, eti "iamke". Inaamka, na inazeeka.

Suala la oili nalo haliepukiki. Utaambiwa dukani kwamba nchi yetu ni ya joto hivyo oili nzito ndiyo nzuri: namba 40, au 20W-50. Kwa injini ya zamani iliyochoka, inayokula oili, ushauri huo una mantiki na huenda ukakupa miaka miwili zaidi. Kwa IST au Probox yenye injini ya 1NZ-FE iliyo nzima, unajiletea taabu. Injini hiyo hutumia oili yenyewe kusogeza kemshafti na kukaza cheni, kupitia vijia vyembamba, na oili nzito huchelewa kufika huko asubuhi. Ile kelele ya cheni ya sekunde mbili tatu ukiwasha, ambayo haikuwepo gari lilipotoka bandarini, mara nyingine huletwa na hilo. Soma kifuniko cha oili. Mara nyingi namba imeandikwa palepale, 5W-30 au jirani yake. Kitabu cha gari kikiwa cha Kijapani, namba bado ni namba.

Deiwaka naye nimwambie neno, kwa sababu ndiye anayeshika usukani alfajiri wakati mwenye gari amelala. Injini si yako, hesabu ya jioni ndiyo yako, na ninaelewa kwa nini dakika kumi za upole zinakuuma. Ila trip ya kwanza ya Korogwe kwenda Mombo huwa na abiria wanaoshuka na kupanda kila kijiji. Hupotezi kitu kwa kwenda nayo taratibu.

Tahadhari mbili za uani kabla sijamaliza. Usiwashe gari ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika chache, na hasa banda lililoungana na chumba cha kulala. Moshi wa petroli una gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini. Na usiliache gari limewashwa langoni ukarudi ndani kuchukua simu. Funguo ikiwa mahali pake, mwizi hahitaji ufundi.

Kama gari limekaa wiki kadhaa bila kuwashwa, au ndiyo kwanza oili imemwagwa na filta kubadilishwa, taa ya oili itachelewa kidogo kuzimika kuliko kawaida. Usiguse mafuta mpaka izimike. Ikiendelea kuwaka kupita sekunde tano au zaidi kidogo, zima. Usisubiri "ipate moto", wala usiendeshe hadi gereji, hata kama bango lake unaliona toka ulipo. Chomoa kijiti upime oili. Ikiwa imepungua, ongeza ujaribu tena. Ikiwa ipo ya kutosha na taa bado inawaka, mpigie fundi aje pale gari lilipo, na aanze na swichi ya oili na pampu kabla hajafungua kitu kingine.